Mita Tisa

Kutoka kitanda cha baba hadi kizingiti
ni mita tisa. Nimepima mwenyewe
kwa utepe wa fundi cherehani,
nikachora mstari sakafuni kila mita
kwa chaki ya shule. Mkuu wa shule asijue.

Zamani nyumba hii haikuwa na umbali.
Baba aliipima dunia kwa sigara:
Newala hadi Mkunya, mbili.
Kitangari, pakiti isiyofika nusu.
Masasi, gunia la korosho nyuma ya Foniksi,
breki ni kisigino:
"Hapo tu," alisema.
Sikuwahi kumkosoa. Kilichowaka kilikuwa muda,
umbali ulidondoka kama majivu.

Kiharusi kilimkuta Machi, akiwa juu ya baiskeli.
Ndanda walimrudisha na fimbo ya miguu minne
na nusu ya mwili inayongoja kuamriwa mara mbili.

Asubuhi nawaambia Kidato cha Kwanza:
umbali, gawanya kwa muda.
Nawapa basi la Tandahimba, nawapa mpira, nawapa chura.
Jioni nina swali moja tu.

Wiki ya kwanza: mita tisa, dakika tatu.
Sentimita tano kwa sekunde.
"Konokono angekuona mgongo," nikamwambia.
Akacheka kwa upande mmoja.

Mei: sekunde tisini. Sentimita kumi.

Juni ukungu ukapanda kutoka bondeni, ukalala ndani,
baridi ikamkaza magoti:
sekunde mia na hamsini.
Nilitaka kuandika nane. Nani angejua?
Alikuwa ananitazama kalamu.
Nikaandika sita.

Agosti: sekunde sitini kamili!
Nikampigia kaka yangu Mtwara mjini:
"Kumi na tano!"
"Kumi na tano nini," akauliza, "elfu?"

Jioni ile ile baba akaketi ukingoni mwa kitanda,
akaniuliza:
"Na kurudi huku? Mbona kurudi hukuandiki?"

Ualimu ni ugonjwa. Ningeweza kunyamaza.
Nikamweleza kuwa kuna mwendo usiojali jasho,
unauliza mambo mawili tu kuhusu safari yako:
ulianzia wapi, umeishia wapi.
Umekwenda mita tisa, umerudi mita tisa,
umeketi pale pale ulipoamkia.
"Kwa hiyo?"
"Sifuri, baba."
"Sifuri."
"Sifuri."

Akanitazama kama alivyozoea kumtazama
karani wa mizani pale ghalani.

Kesho yake alfajiri kitanda kilikuwa kitupu.
Mstari wa tisa ulikuwa umefutwa
na unyayo unaoburuzwa.
Nje, umande umeshika kila kitu:
vishimo vinne vya fimbo, kisha mchirizi,
vishimo vinne, mchirizi,
kama mwandiko wa mtoto aliyenyang'anywa mkono wake wa kulia,
ukipita jiko la nje, ukipita banda la mbuzi,
hadi mkorosho wa tatu, unaoanza kutoa maua.

Mzee Nandonde alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa,
kandambili moja mguuni. Nyingine sikuiona.

"Pima," akasema.

Sikuwa na utepe. Simu nimeiacha ndani.
"Umetoka saa ngapi?"
"Jogoo wa Somoe alipowika mara ya pili."
"Na utarudije?"
"Sirudi. Nikirudi utaniandikia sifuri."

Nikahesabu kwa hatua zangu: thelathini na moja.
Umbali wa kukisia, muda wa jogoo.
Mwanafunzi akiniletea kazi kama hii
namchorea mkasi mwekundu ukurasa mzima.

"Usisimame hapo kama mlingoti," akasema baba.
"Lete chai."
"Mpaka huku?"
"Hapo tu."

Nikaenda jikoni, nikarudi pale pale aliponituma,
vikombe viwili mkononi.
Sifuri yangu ilikuwa inafuka moshi.